Kariakoo sokoni PENYEWE (sio madukani): bado ni pa kumpeleka mgeni, au limebaki jina tu? (uzi wa 2023)

MwanaGerezani
Habari zenu wadau. Wiki ijayo napokea mgeni kutoka Muscat, binti wa binamu yangu, kazaliwa hukohuko na Dar hajawahi kukanyaga. Bibi yake ni mama mkubwa wangu, dada yake mama, aliondoka hapa 1971. Mgeni kaniandikia anataka vitu vitatu tu, kuvuka kwenda Kigamboni, kula mishkaki, na kwenda Kariakoo sokoni. Nikamuuliza unataka kununua nini, vitenge, mabegi? Akasema sitaki duka, nataka soko, pale wanapouza vyakula, bibi ananisimulia kila siku.

Sasa nasema wazi na mnikosoe. Kariakoo kama soko la chakula imeisha, limebaki jina. Kila siku maelfu ya watu wanasema "naenda Kariakoo" na hakuna anayeingia sokoni, wanaishia Mtaa wa Congo kwenye nguo na Msimbazi kwenye simu. Mimi mwenyewe nimekulia Gerezani, dakika kumi kwa miguu, na mara ya mwisho kushuka shimoni, lile soko la chini ya ardhi, ilikuwa 2016 nafuata vitunguu vya msiba. Tangu moto wa Julai 2021 naona mabati ya ujenzi tu. Je nimpeleke? Na swali kubwa zaidi, kwanini tuliliacha hata kabla halijaungua?

Bi Mchicha
Mpeleke. Mabati yamezunguka jengo, ila soko ni watu. Nenda saa kumi na mbili asubuhi mitaa ya kuzunguka pale utakuta mchicha, bamia, nyanya chungu, matembele, vyote chini kwenye viroba. Usiende saa sita mchana halafu useme soko limekufa.

Fundi Zege
Mleta mada umekosea kitu kimoja, unasema limebaki jina. Limebaki jengo! Lile jengo ndio alama ya mji huu, zaidi hata ya ghorofa zote za Posta. Mchoraji wake ni Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki, alisomea Haifa kule Israel. Mgeni asipoingia ndani asimame ng'ambo ya barabara aangalie juu tu inatosha. Lilifunguliwa 1974 na Mwalimu Nyerere.

mzee wa tarehe
1975 mkuu, mwezi Desemba. 1974 ni mwaka wa sheria iliyounda Shirika la Masoko ya Kariakoo. Watu wengi wanachanganya.

Fundi Zege
Nimepokea, asante. 1975.

Kitunguu Maji
Hivi ile miavuli ya juu ni ya nini hasa? Tangu mtoto najiuliza. Baba aliniambia ni uyoga, nikakua najua ni uyoga wa zege.

Fundi Zege
Ngoja nieleze vizuri maana hili jambo naliheshimu. Kila mwavuli ni ganda jembamba la zege limesimama kwenye nguzo moja, na umegeuzwa, yani unafunguka kuelekea mbinguni kama mdomo wa faneli ya mafuta ya taa. Mvua ikinyesha maji hayamwagiki pembeni juu ya vichwa vya watu, yanakusanyika katikati yanashuka na nguzo mpaka kwenye matangi chini ya ardhi. Soko linajichotea maji yake ya kuoshea. Halafu kati ya mwavuli na mwavuli mwanga unaingia na joto linatoka, mchana hakuna haja ya feni wala taa nyingi. Hiyo ni miaka ya sabini wakuu, na leo tunajenga maghorofa ya vioo Dar hii yenye joto halafu tunalia bili ya umeme.

Mwalimu wa Sinza
Mimi nilivyofundishwa ni tofauti, kwamba mchoraji alitaka miti. Soko la kwetu Afrika lilianzia chini ya mti, mwembe au mbuyu, mama anatandika kanga anapanga mafungu yake. Kwa hiyo zile ni miti ya zege, kila mfanyabiashara kivuli chake. Maji ni faida iliyofuata.

Fundi Zege
Mwalimu, hakuna fundi anayemwaga zege la namna ile kwa sababu ya picha ya mti. Kufunga zile mbao za kumwagia zege peke yake ni kazi ya kutoa machozi. Maji na hewa ndio hesabu ya kwanza.

Mwalimu wa Sinza
Na hakuna msanifu anayechora soko kwa kuwaza maji tu, angechora paa la bati na mfereji angemaliza. Kuna kitu alikiona kwanza moyoni.

Tandale kwa Mtogole
Mnagombania paa na mwenzenu kauliza kwanini watu waliliacha soko. Nijibu mimi maana nauza nafaka. Mji umekua bana. Zamani Dar ilikuwa Ilala, Magomeni, Temeke, Kinondoni basi, wote mnakutana katikati. Leo mtu anakaa Mbagala Chamazi au Mbezi Makabe, apande gari mbili kufuata nyanya? Ndizi ziko Mabibo, mahindi na maharage yako Tandale, matunda Temeke Stereo, samaki Feri, na Ilala na Buguruni nao wanachukua chao. Kariakoo haijauawa na mtu, imegawanywa.

Bi Mchicha
Sio kweli kwamba imegawanywa tu. Kilichowaondoa wauza chakula ni kodi. Fremu moja pale mtaani akija mtu wa nguo za China analipa mwaka mzima mkononi, wewe muuza bamia utashindana naye kwa nini? Mafungu ya mia tano mia tano? Nilikuwa na kibaraza Mtaa wa Tandamti miaka tisa, nauza mchicha na viungo vya pilau, siku moja mwenye nyumba akaniita, mama samahani nimepata mtu. Nilihama na meza yangu kichwani mchana kweupe. Mchicha haukushindwa na mji kukua, ulishindwa na jinzi.

Tandale kwa Mtogole
Pole mama. Hapo sina la kubisha.

SukumaGang wa Mbezi
Ukweli mchungu ni pakingi. Mara ya mwisho niliegesha gari nikarudi nikakuta imefungwa mnyororo, faini niliyolipa ningenunua gunia zima la vitunguu. Tangu hapo genge la mtaani kwangu na bodaboda wa kuniletea vinatosha.

Mtoto wa Mama Lishe
Mkuu nani kakwambia uende Kariakoo na gari 😄 panda basi la mwendokasi shuka Gerezani tembea. Soko lile halijawahi kuwa la mwenye gari.

mzee wa tarehe
Nirudi kwa mleta mada. Kama mgeni wako anataka kuelewa pale alipo, mweleze jina kwanza. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza kwenye vita kuu ya kwanza. Waingereza waliingia Dar Septemba 1916, wapagazi wakawekwa pale. Watu wakalitamka walivyoweza, kariakoo.

Kitunguu Maji
Mimi niliambiwa soko ni la Mjerumani. Sasa jina la Mwingereza linaingiaje?

mzee wa tarehe
Vyote viwili ni kweli. Eneo lote lilikuwa shamba la Mzungu mmoja anaitwa Schöller, serikali ya Mjerumani ikalichukua karibu na vita ili wenyeji wahamishiwe huko, mbali na Wazungu wa ufukweni. Wakajenga jengo la soko, vita vikaingia kabla mambo hayajakaa sawa. Mwingereza alipokuja akalitumia kwa wapagazi wake. Biashara ya soko ilianza miaka ya ishirini. Kwa hiyo Mjerumani kajenga, mpagazi kalala, ndipo nyanya ikaingia.

Nyani Mzee wa Nairobi
Salamu kutoka Nairobi. Hata sisi tuko na Kariokor, hapo karibu na Ngara, jina ni hilohilo la Carrier Corps. Mkija mnakula nyama choma na mnanunua viondo na sandals za ngozi. Lakini soko ya mboga yenyewe kubwa kwetu ni Marikiti, Wakulima Market, na hiyo ukiingia na viatu nyeupe utajuta.

Mwalimu wa Sinza
Karibu sana jirani. Umenikumbusha jambo. Sanamu ya Askari hapa Posta, ile ya 1927, ni askari mmoja ana bunduki na singe yake, anaelekea bandarini. Nairobi kwenu pale mjini sanamu zipo tatu na mmojawapo ni mpagazi. Sio hivyo?

Nyani Mzee wa Nairobi
Ni hivyo mwalimu. Kenyatta Avenue. Wawili askari na mmoja ni wa mizigo.

Mwalimu wa Sinza
Basi hebu tulifikirie hilo wadau. Kwenye vita ile wapagazi walikufa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi, ni kuhara, malaria, njaa na baridi za milimani, mtu kabeba ratili hamsini siku nzima kwa unga usiotosha. Hapa Dar hawana sanamu. Walichoachiwa ni jina la soko, tena jina lililotamkwa na wenyewe kwa ulimi wao. Mimi kila nikisikia konda anaita "Kariakoo Kariakoo" nakumbuka hilo.

Kuli Mstaafu
Nimesoma kimyakimya toka juu, mwalimu umenifanya niandike. Mimi nimebeba pale kuanzia 1994 hadi mgongo uliponikataza 2018. Sikujua maana ya jina mpaka mwanangu aliposoma shuleni akaja kuniambia, baba wewe ni kariakoo. Nilikaa kimya muda mrefu siku ile.

Niwaambie kazi yenyewe ilivyokuwa maana naona mnasema shimoni shimoni kama mnaijua. Fuso inaingia usiku, saa tisa mzigo unashushwa. Gunia la viazi la lumbesa, lile lililovalishwa kofia juu mpaka linakuwa kama watu wawili, hulinyanyui mwenyewe. Unapiga goti moja, wenzako wawili wanakupandishia, unaliweka pale shingo inapokutana na mabega, sio kichwani sio mgongoni. Ukishasimama huongei. Anayeongea ni anayekutangulia, pisha mzigo huo, pisha mama. Ngazi za kushuka zimelowa, kuna majani ya kabichi na maganda, unashuka kwa kukanyaga na kisigino kwanza, vidole vikitangulia umekwisha. Nilimwona mwenzangu kateleza ngazi ya nne kutoka chini, gunia likamtangulia, yeye akamaliza ngazi zote amekaa. Aliamka akacheka akapandishiwa tena. Jioni hakuweza kuvaa viatu.

Mleta mada mpeleke mgeni wako. Kama makuli wapo soko lipo.

Bi Mchicha
Baba shikamoo. Huenda ulishanibebea.

Kuli Mstaafu
Marahaba mama. Tandamti nilipita kila siku, kama ni wewe uliyekuwa unauza iliki na binzari pembeni ya fundi baiskeli nakukumbuka.

Bi Mchicha
Ndiye mimi!! Ya Rabi. Fundi baiskeli alishafariki, Mungu amrehemu. Nicheki inbox baba.

Mtoto wa Mama Lishe
Huu uzi umenipa machozi asubuhi yote hii.

SukumaGang wa Mbezi
Mzee Kuli heshima yako. Ila hilo la lumbesa si ndilo lililowaumiza wakulima? Mkulima wa Njombe anauza gunia moja kumbe ni gunia na nusu, sheria ya vipimo inakataza, na soko la Kariakoo lilikuwa mwalimu wa mchezo huo.

Kuli Mstaafu
Kweli kabisa, limemuumiza mkulima na limetuumiza sisi. Bei ya kubeba ilikuwa kwa gunia sio kwa kilo. Kofia ile niliibeba bure miaka ishirini na nne.

Tandale kwa Mtogole
Na mnunuzi wa mwisho naye hakufaidi chochote. Mama wa nyumbani anapimiwa sado, na sado nyingine imebonyezwa chini. Anayefaidi ni dalali. Mnataka kujua kwanini watu wameacha soko? Madalali. Mkulima haruhusiwi kushusha mzigo wake auze mwenyewe, lazima apite kwa mtu, na mtu huyo hajawahi kushika jembe.

Dalali Mwaminifu
Ndugu yangu wa Tandale na wewe unapouza nafaka unampata mkulima shambani? Mkulima akija na fuso ya nyanya saa nane usiku hana mtu anayemjua, nyanya zina siku tatu za kuishi, mimi ndiye niliye na simu za mama lishe, mahoteli, shule na magenge. Zikioza hasara ni yake. Nakubali wapo wanaoficha bei, ninawajua na sipendi wanavyofanya, lakini msitufagie wote kwa ufagio mmoja. Kilichoua soko la ndani ni moto. Mimi usiku wa tarehe 10 Julai nilisimama Mtaa wa Swahili naangalia. Daftari langu la madeni lilikuwa mle ndani, majina ya watu walionikopa na niliowakopa. Wengi walionidai walinipigia kesho yake kunipa pole kabla ya kuulizia pesa. Wengine walionikopa wakazima simu mpaka leo.

Kitunguu Maji
Pole sana ndugu.

Mkulima wa Mkuranga
Naomba niongeze kitu hakuna aliyekisema. Mnalizungumzia soko kama la kununua mboga tu. Sisi wakulima tulilijua kwa mbegu. Maduka ya pembejeo yalikuwa palepale sokoni, mbegu za matikiti, bamia, hoho, dawa za kuku, pampu za kupulizia. Nikishusha nazi zangu asubuhi napanda juu nanunua mbegu narudi nyumbani na basi la mchana. Yani soko linakula mazao yangu na kunipa ya msimu ujao, safari moja. Baada ya moto zile duka zimetawanyika, moja iko huku nyingine kule, mbegu feki zimepata pa kujificha. Msimu uliopita nilipanda matikiti yakaota mimea ambayo sijui hata ni nini.

Fundi Zege
Hili la mbegu ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Umesema vizuri.

Mzigo wa Lubumbashi
Jambo wote. Mimi niko Lubumbashi, nakujaga Dar mara tatu kwa mwaka kununua bidhaa, nguo na vyombo. Kwetu ukisema Kariakoo kila mtu anajua, hata mtoto. Lakini nawaambia kweli, mimi soko ya chakula nilikuwa siijui kama ipo. Nalala hoteli pale karibu na Msimbazi siku kumi, nakula wali kwa mama, sijajua hizo nyanya zinatoka wapi. Leo nimejifunza.

Mtoto wa Mama Lishe
Karibu tena mkuu, huenda unakula kwa mama yangu. Na hapo ndio jibu langu mimi kwa mleta mada. Soko la chakula Kariakoo halijaisha, limegeuka. Zamani watu walikuja kununua chakula wakapike kwao. Sasa hivi wafanyabiashara wa Zambia, Congo, Malawi, Comoro na wa mikoani wote wanashinda pale toka asubuhi na lazima wale. Makuli, machinga, madereva wa guta, mafundi cherehani, wote. Mama anaamka saa tisa, saa kumi yuko pale anachagua nyanya kwa mkono mmoja na tochi ya simu kwa mwingine, saa moja chai na chapati ziko tayari, saa sita sufuria tatu za wali zimeisha. Nyanya inashushwa mita mia kutoka inapopikwa. Mwezi wa tano mwaka huu wa 2023 maduka yalipogoma kufungua zile siku, mama alirudi nyumbani na maharage ndoo nzima. Tulikula mtaa mzima.

mzee wa tarehe
Mawazo mazuri lakini hapo umeanza kuita kila kitu soko. Soko kuu lilikuwa na utaratibu wake, vizimba, ushuru, mzani, bwana afya. Kinachouzwa chini kwenye kiroba kwenye tope la Mtaa wa Mkunguni sio soko, ni dharura.

Bi Mchicha
Mwanangu hiyo dharura imenisomeshea watoto wawili.

mzee wa tarehe
Samahani mama, sikukusudia kukuvunjia heshima. Ninachotaka ni wewe uuze ukiwa umesimama pakavu.

Bi Mchicha
Hapo tuko pamoja. Nataka kizimba mle ndani wakimaliza ujenzi, tena chini, sio ghorofani. Mchicha haupandi ngazi, mteja akishapita nje kununua hapandi juu. Kisutu walipohamishiwa wenzetu baada ya moto ndio shida hiyohiyo, jengo zuri la ghorofa, safi, na wateja wanaishia chini.

Nyani Mzee wa Nairobi
Hiyo ya ghorofa ni ukweli hata huku. Mtu wa sukuma wiki akipelekwa floor ya pili anashuka kuuza barabarani.

Fundi Zege
Na ndio maana Amuli alishusha chini badala ya kupandisha. Mizigo mizito shimoni, rejareja usawa wa barabara, pembejeo juu. Mteja wa fungu moja hapandi wala hashuki. Alilijua soko yule mzee.

Mwalimu wa Sinza
Hapo Fundi umenikaribia. Aliwaangalia watu kwanza.

Fundi Zege
Aliangalia mzigo kwanza mwalimu 🙂

MwanaGerezani
Wadau nashukuru wote, uzi umekuwa mrefu sikutegemea. Nimerudi kuwapa mrejesho, jana Jumamosi tumeenda.

Tulishuka Gerezani saa kumi na mbili kasoro, bado kiza kidogo. Nilifuata ushauri wa Bi Mchicha. Mgeni alivaa ndala, ndani ya dakika tano miguu imelowa na hakulalamika. Alisimama muda mrefu mbele ya mama mmoja anayepanga nyanya, mnajua zile nne chini moja juu, mama anageuza kila nyanya upande mwekundu ukae mbele, ile yenye jeraha inaenda chini katikati. Mgeni akaniuliza kwanini anaficha, mama akasikia, akaitoa akampa mkononi akasema sijaificha mwanangu, hii ya kupikia leo, hizi za kesho. Akamuuliza umetoka wapi na Kiswahili hicho cha Unguja? Maana kule Oman wenye Kiswahili wengi wanaongea cha Unguja.

Tukasimama ng'ambo tukaangalia miavuli juu ya mabati. Jua lilikuwa linaanza kupiga ule upande wa ndani. Nikamwambia habari za maji, na nikamwambia habari za miti, zote mbili sikuchagua. Nikampigia mama mkubwa kwa video nikageuza simu nimwonyeshe. Nilijua atalia. Akatazama, akasema hilo jengo silijui.

Nilisahau kabisa kwamba aliondoka 1971! Soko lake yeye ni lile la kabla ya hili, alilojenga Mjerumani. Anasema lilikuwa hapohapo, na yeye alikuwa akitumwa na mama yake kununua papa na nazi, anarudi kwa Mtaa wa Sikukuu, na ndio anayolia nayo miaka yote hii. Lile lilivunjwa kupisha hili. Kwa hiyo mimi nalia la miavuli, yeye analia banda, na hao watoto wanaokua sasa watalia lipi sijui, labda hilo la ghorofa linalojengwa pale lilipokuwa soko dogo.

mzee wa tarehe
Mwulize mama mkubwa kama anakumbuka lilikuwa na milango mingapi na kuku waliuzwa upande gani. Nimetafuta mtu wa kuniambia hayo miaka mingi. Tafadhali sana.

MwanaGerezani
Nitamuuliza. Ila jana hasira ya kutolijua jengo ilipomwisha, alisema kitu kimoja tu, niulizie mabungo. Muscat hayapati. Tumezunguka Tandamti, Mkunguni, mpaka karibu na Mnazi Mmoja hakuna. Mgeni anaondoka Alhamisi.

Kuli Mstaafu
Kuna kijana wa guta ananitembelea kila jioni, anabeba matunda ya kutoka Mkuranga na Kisarawe. Nitamuuliza leo.

Mkulima wa Mkuranga
Msihangaike, kwa shemeji yangu Vikindu upo mbungo mmoja unazaa. Nitumie namba inbox, Jumatatu nashuka na nazi, nitakukuta Gerezani kituoni saa moja asubuhi. Kwenye ndege asibebe mazima, yapasueni mkamue, mtie kwenye chupa mgandishe.

Bi Mchicha
Msitie sukari kabla ya kugandisha. Sukari atie mwenyewe mama mkubwa, anajua kipimo chake.